Breki za tela la boti kati ya Mbeya na Ziwa Nyasa: kutambua tatizo na chanzo chake

Tela la boti linalotoka Mbeya mjini kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hupita njia ngumu kwa breki. Barabara hupanda kwanza kutoka Uyole kuelekea Isyonje, hushuka hadi Kiwira na Tukuyu, kisha huendelea kuteremka mpaka bonde la Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Tukuyu yenyewe iko kwenye mita 1,600 hivi. Ukichukua tela lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na boti yake na kulishusha mita 1,100 kutoka Tukuyu hadi Kyela, nguvu inayopaswa kumezwa njiani inalingana na kulisimamisha tela hilo kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa zaidi ya mara 40. Upepo na matairi humeza sehemu ya nguvu hiyo, injini ya gari humeza nyingine, na inayobaki hugeuka kuwa joto ndani ya breki. Mara tu baada ya kupokea joto hilo, breki hizo huzamishwa ziwani.

Kwa sababu hiyo, fundi anayeletewa tela lenye breki mbovu katika nyanda hizi angefanya vizuri kuuliza kwanza tatizo lilijitokeza wapi, kabla hajauliza aina ya breki: je, ni mteremkoni, ni baada ya kutoka majini, au ni baada ya tela kukaa muda mrefu bila kutumika? Jibu la swali hilo huondoa nusu ya mambo ya kuchunguza kabla hata jeki haijawekwa.

Namna breki hizi zinavyofanya kazi

Matela mengi ya boti hutumia breki za msukumo. Dereva anapokanyaga breki za gari, gari hupunguza mwendo, nalo tela kwa uzito wake huja mbele na kulisukuma gari. Msukumo huo hurudisha nyuma mhimili ulio ndani ya kifungio cha tela, na mhimili huo husukuma pistoni ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki hadi magurudumuni), au katika matela mengi yaliyotengenezwa Ulaya, huvuta waya za chuma zinazokwenda kwenye magurudumu. Hakuna bomba la mafuta ya breki linalotoka kwenye gari kwenda kwenye tela, na mguu wa dereva hauziamuru breki hizo moja kwa moja. Kinachoziamuru ni tela kusukuma gari, kwa sababu yoyote ile.

Jambo hili lina matokeo ambayo madereva wengi wazoefu wa malori hawayatarajii. Dereva anayeshuka kwa gia ya pili bila kugusa pedali ya breki hata mara moja huamini kwamba amezipumzisha breki zote, kumbe amezipumzisha za gari peke yake. Injini inalizuia gari, tela linalisukuma gari, na kwa hiyo breki za tela zimebana muda wote wa mteremko mkali. Gia ndogo bado ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo breki za gari nazo zitachemka, lakini isidhaniwe kwamba inaliokoa tela.

Tela linasukuma gari tangu mwanzo wa safari

Ikiwa breki za tela hazishiki hata kwenye tambarare, anza na kifungio na pini yake. Matela ya zamani yana pini au wenzo wa kuzuia mhimili usirudi nyuma, ili tela liweze kurudishwa kinyumenyume bila breki kubana. Dereva huweka pini hiyo ufukweni Matema anaporudisha tela majini, boti inapakiwa, watu wanapanda garini, na pini inasahaulika mahali pake. Safari ya kurudi ni ya kupanda tangu Kyela hadi juu ya Isyonje, na katika kupanda tela halisukumi gari, kwa hiyo si rahisi mtu kugundua chochote. Kasoro hujitokeza kwenye mteremko wa kuingia Uyole, mahali penye malori mengi na nafasi ndogo ya kukosea. Ninashauri pini hiyo ifungwe kitambaa chekundu kirefu kinachoonekana kwenye kioo cha pembeni.

Ikiwa pini haipo, angalia kama mhimili wa kifungio unasogea. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, vuta breki ya mkono ya tela, kisha dereva arudishe gari nyuma polepole huku mtu mwingine akitazama kutoka pembeni, kamwe asisimame kati ya gari na tela. Mhimili usiosogea kabisa umeshikwa na kutu au na grisi iliyokauka, na unahitaji kusafishwa na kutiwa grisi mpya. Ukiingia ndani zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi, au ukifika mwisho kabisa na kugonga, breki zimelegea kiasi kwamba msukumo wote unaishia kwenye kuziba nafasi tupu. Kipimo kamili hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na kijitabu cha tela kikiwepo kifuatwe hicho.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika katika gereji nyingi. Fundi anaona waya zimelegea, anakaza nati iliyo kwenye fimbo ya katikati chini ya tela, mwendo wa mhimili unarudi kuwa mfupi, na mwenye tela anaondoka ameridhika. Kukaza huko kunaficha ukweli kwamba viatu vya breki (vipande vinavyosuguana na dramu, yaani ngoma inayozunguka na gurudumu) vimeisha au viko mbali na dramu, na mara nyingi kunaacha gurudumu moja likiburuza na lingine halishiki. Marekebisho huanza kwenye magurudumu. Inua gurudumu, zungusha kwa mkono upande wa kwenda mbele tu, kaza kirekebishi kilicho nyuma ya bamba la breki mpaka gurudumu lisizunguke, kisha kilegeze kidogo kidogo mpaka lizunguke kwa mkwaruzo mwepesi sana. Tahadhari ya kuzungusha upande wa mbele ina sababu, kwa kuwa dramu nyingi zina utaratibu wa kujiachia gurudumu linaporudi nyuma, na ukirekebisha kwa kuzungusha kinyume utapata kipimo cha uongo. Magurudumu yote yakishakuwa sawa, ndipo uende kwenye fimbo na waya.

Kwa breki za mafuta, angalia kopo la masta silinda. Likiwa tupu, mafuta yamekwenda mahali fulani, na kuongeza bila kutafuta uvujaji ni kuahirisha tatizo hadi mteremkoni. Tazama upande wa ndani wa kila tairi, maungio ya bomba, na mipira inayopinda karibu na ekseli. Kopo likiwa limejaa lakini breki ni laini, upepo umeingia na unapaswa kutolewa, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kutumia mpira wa plastiki angavu uliozamishwa kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo, ili uyaone mapovu yakikoma. Kopo lisiachwe kuisha katikati ya kazi hiyo. Na kamwe usijaze mafuta ya injini wala ya stelingi kwa sababu tu ndiyo yaliyopo, kwa kuwa huvimbisha mipira yote ya ndani ya mfumo na kukulazimisha kubadilisha kila kitu.

Breki zilikuwa nzuri, zikaisha mteremkoni

Hili ndilo tatizo la nyanda zetu, na lina vyanzo viwili vinavyofanana kwa dereva lakini tofauti kabisa kwa fundi.

Chanzo cha kwanza ni viatu kupata joto kupita uwezo wake. Viatu vikichemka sana hupoteza msuguano, na dramu nayo hutanuka na kujitenga na viatu. Utasikia harufu kali ya kuungua, mhimili utakuwa umeingia hadi mwisho, na breki zitarudi zenyewe baada ya kupoa. Ukifungua dramu utakuta uso wa viatu umekuwa mgumu unaong'aa, na pengine dramu ina madoa ya buluu. Viatu vilivyofikia hali hiyo vibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Chanzo cha pili ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140, na kwa DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Mvuke hubanika kirahisi tofauti na mafuta, kwa hiyo mhimili huingia wote na magurudumu hayapati kitu. Breki zikipoa hurudi, na mtu akilikagua tela siku inayofuata kwenye tambarare hataona kasoro. Fungua nati ya kutolea upepo ukamue mafuta kidogo kwenye chupa safi: yakitoka na rangi ya chai iliyokolea badala ya manjano maangavu, muda wake umepita. Eneo la Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na tela linalolala nje Tukuyu lisikae na mafuta yale yale ya breki zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Ukibadilisha, usichanganye mafuta ya DOT 5 yenye silikoni na ya aina nyingine, hata kama namba zake zinavutia.

Barabarani kwenyewe, dawa ni kuruhusu joto litoke. Teremka taratibu tangu juu, kwa sababu mwendo mdogo huipa hewa muda wa kupoza breki. Kanyaga breki za gari kwa nguvu ya kutosha na kwa muda mfupi, kisha uachie, badala ya kuuweka mguu juu ya pedali kilomita nzima. Na simama. Chagua mahali tambarare na papana, zuia magurudumu kwa mawe kabla ya jambo lingine lolote, na uyakague magurudumu yote kwa kusogeza mgongo wa mkono karibu nayo bila kugusa. Kituo cha robo saa kabla ya Tukuyu na kingine katikati ya mteremko wa Kyela ni gharama ndogo sana. Ushauri huu unahusu pia wanaotoka Iringa kupeleka boti bwawa la Mtera, kwa kuwa mteremko wa Nyang'oro huzijaribu breki kwa namna ile ile.

Ikiwa breki za tela zimekwisha na gari lenyewe linaanza kulemewa, shusha gia mapema kadiri injini inavyoruhusu na ulisimamishe gari mahali pa kwanza palipo salama. Usijaribu kufika kijiji kinachofuata.

Gurudumu moja lina joto kuliko mengine

Magurudumu yote kuwa na joto la kulingana baada ya mteremko ni jambo la kawaida. Moja likiwa na joto la kipekee, hasa baada ya kipande cha tambarare, kuna kitu kinaburuza. Dondoshea tone la maji: likichemka na kutoweka papo hapo kwenye dramu, tela lisisogezwe mpaka lipoe na chanzo kijulikane.

Kwanza tenganisha breki na beringi, kwa sababu dalili zake hufanana. Beringi inayokufa hupasha joto zaidi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu), penye kifuniko cha grisi, na gurudumu likiinuliwa na kuzungushwa hutoa mngurumo. Ukilishika juu na chini na kulitikisa, linacheza. Breki inayoburuza hupasha joto dramu kuanzia ukingoni, na gurudumu lililoinuliwa ni gumu kuzungusha lakini halichezi.

Ukishajua ni breki, legeza kirekebishi. Gurudumu likiachia, lilikuwa limekazwa mno, au springi za kurudishia viatu zimeliwa na kutu. Lisipoachia, na breki ni za mafuta, fungua kidogo nati ya kutolea upepo ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia, basi shinikizo limenaswa kwenye mfumo, na kosa si la viatu. Funga nati, ubanishe breki tena, kisha legeza ungio la bomba kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia sasa, tundu la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda limeziba au mhimili haurudi mbele kikamilifu. Lisipoachia, mpira wa breki ulio kati umevimba kwa ndani, unapitisha mafuta kwenda na kuyakataa kurudi, ingawa kwa nje unaonekana mzima. Mipira ya namna hii hubadilishwa tu, haizibuliwi. Na ikiwa hata nati iliyofunguliwa kwenye gurudumu haikuliachia, pistoni ya silinda ya gurudumu imeshikwa na kutu, jambo la kawaida kwa tela linalozamishwa majini.

Kwa breki za waya, chanzo cha kwanza kushukiwa ni waya iliyooza ndani ya ganda lake. Inavuta lakini hairudi. Breki ya mkono iliyosahaulika nayo iangaliwe.

Matatizo yanayoanza baada ya kutoka majini

Habu yenye joto inapozamishwa ghafla, hewa iliyo ndani yake hupoa na kusinyaa, na maji huvutwa kupita kwenye sili (mpira wa kuzuia uvujaji) hadi kwenye beringi. Grisi hugeuka nyeupe kama maziwa, hupoteza kazi yake, na baada ya muda huvuja kupitia sili iliyochoka na kufika kwenye viatu vya breki. Kwa hiyo tela lililotoka kushuka kutoka Tukuyu lisiingizwe ziwani mara linapofika, hata kama watu wamechoka na jua linazama. Lisubiri mpaka kiganja kiweze kutulia juu ya habu.

Breki zilizotoka majini hushika kwa udhaifu mpaka zikauke. Endesha polepole ufukweni, ukikanyaga breki mara kadhaa kwa wepesi, na zitarudi. Zisiporudi baada ya kilomita chache, fungua dramu. Mchanga uliojaa ndani husafishwa kwa maji. Vumbi la viatu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto. Viatu vilivyolowa grisi havisafishwi kwa petroli ili virudishwe, kwa maana grisi iliyonyonywa hutoka tena vikipata joto. Vibadilishwe, pamoja na sili iliyovujisha.

Maji ya Nyasa ni maji baridi, yasiyo ya chumvi, hivyo kutu yake huenda taratibu. Wanaopeleka boti Ziwa Rukwa wajue kwamba maji yake yana magadi, na tela lioshwe kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, ndani ya dramu na kwenye maungio yote.

Tela likihifadhiwa, breki ya mkono iachiliwe na magurudumu yazuiwe kwa mawe, kwa kuwa viatu vinavyobana dramu yenye unyevu hugandamana nayo. Vikishagandamana, gonga ukingo wa dramu kwa nyundo kwa kiasi huku ukilisogeza tela mbele na nyuma. Kuliburuza kwa gari mpaka liachie hung'oa viatu.

Kushtua, kuvuta upande, na kukataa kurudi nyuma

Tela linalogonga gari kila breki zinapokanyagwa lina shokapu iliyokufa ndani ya kifungio, au mhimili umelika. Vuta mhimili mbele kwa mkono baada ya kuusukuma ndani: unapaswa kwenda kwa upinzani, bila kuruka.

Likivuta upande mmoja, gurudumu la upande ule mwingine ndilo lisiloshika, kwa grisi, kwa pistoni iliyoganda au kwa kirekebishi. Lakini tela linaloyumba huku na huko hata bila kugusa breki halina tatizo la breki. Uzito umekaa nyuma mno, pengine kwa sababu ya mapipa ya mafuta yaliyowekwa karibu na injini ya boti. Uzito unaokaa kwenye kifungio uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote.

Tela lisilorudi nyuma, na ambalo breki zake ni za diski, huwa na vali ya mafuta inayoendeshwa na umeme wa taa nyeupe ya kurudi nyuma ili breki zisibane. Fyuzi ya taa hiyo ikiungua, au plagi yenye pini nne ikitumika badala ya ile ya tano, breki zitabana ufukweni na hakuna fundi wa breki atakayeona kosa. Angalia taa kwanza. Breki za umeme kwa matela ya boti ni chache, na kwa maoni yangu hazifai kwa tela linalozamishwa.

Baada ya tengenezo lolote, tela lijaribiwe likiwa na boti yake kwenye tambarare isiyo na magari, kwa mwendo wa kilomita 20 na kisha 40 kwa saa, breki zikanyagwe mara kumi hivi, kisha dereva ashuke na kulinganisha joto la magurudumu. Likiwa sawa pande zote, lirudishwe gereji hata hivyo, nati za magurudumu na za kirekebishi zikaguliwe upya, na ndipo lielekezwe Isyonje.